Hakuna mwanajeshi aliyegawa ardhi ya Alentejo

Nimeisikia tena juzi, safari hii kutoka kwa mtu anayefundisha somo hili: eti Aprili 25, 1974 wanajeshi wa Ureno walimwangusha Marcelo Caetano, waziri mkuu wa utawala wa kidikteta, kisha wakawagawia wakulima ardhi. Jamani! Kwenye mitutu ya bunduki za wanajeshi hao kulikuwa na maua, si hatimiliki.

Kabla ya ardhi, suala la mshahara niupitie harakaharaka. Mwezi mmoja tu baadaye serikali ya mpito ilitangaza kima cha chini cha mshahara cha escudo (sarafu ya Ureno ya wakati huo) 3,300 kwa mwezi. Sifa zake mmezisoma. Ila amri hiyo iliwaacha nje vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani, yaani wale wale waliokuwa hoi kuliko wote.

Sasa ardhi. Alentejo, kusini mwa nchi, ilikuwa mikononi mwa makabaila wenye mashamba yasiyo na mwisho, na waliolima humo hawakuwa wakulima wenye vijishamba vyao. Walikuwa vibarua: mavuno yakifika wanaitwa, msimu ukiisha wanakaa bila kazi. Kwa hiyo walipoanza kuyavamia mashamba, hawakudai kukatiwa ekari mbili tatu kila mmoja. Walidai kazi ya mwaka mzima. Wakaunda vitengo vya uzalishaji wa pamoja, trekta la wote, ng'ombe wa wote. Sheria ya kutaifisha mashamba makubwa, ya Julai 1975, iliwakuta wameshaanza.

Lakini msikimbilie upande wa pili mseme wananchi walijifanyia kila kitu. Wimbi kubwa la uvamizi lilikuja baada ya sheria, katika miezi ya mwisho ya 1975, mikopo ya kulipia mishahara ilipofunguliwa. Benki zilikuwa zimetaifishwa tangu Machi mwaka huo. Ukiwa umevamia shamba na Ijumaa watu wanasubiri ujira, mikopo hiyo inakuwa na uzito kuliko hotuba yoyote. Hekta zaidi ya milioni moja zilichukuliwa namna hiyo.

Katiba ya 1976 ikatamka kwamba utaifishaji haurudi nyuma. Mwaka uliofuata tu, sheria mpya iliwafungulia wenye mashamba mlango wa kurudishiwa sehemu ya ardhi yao, na vitengo vikaanza kumegwa. Je, vingedumu kama visingemegwa na mikopo isingebanwa? Darasani hujibiwa bila kusita, ndiyo au hapana kulingana na siasa za mwalimu. Mimi hubadili jibu kila ninaporudia hesabu za vitengo hivyo.