Banda la kuku Dar es Salaam lijengwe kupambana na joto

Kosa kubwa katika mabanda ya nyuma ya nyumba jijini Dar es Salaam ni kuziba. Mfugaji anapandisha ukuta hadi kifuani, juu anaacha kidirisha cha futi moja, anaezeka bati la chini na kuamini kuku wake wako salama. Kuku hatoi jasho. Anajipooza kwa kuhema mdomo wazi na kuachanisha mabawa, na hewa inayomzunguka ikiwa ya moto na yenye unyevunyevu, kuhema huko hakumsaidii. Kati ya Desemba na Machi kuku hufa mchana kwenye mabanda ya namna hii bila kuugua chochote.

Vipimo tunavyotoa hapa ni vya banda la kuku 20 wa kienyeji au chotara wanaotaga. Kila mita moja ya mraba ichukue kuku wanne, kwa hiyo linatakiwa eneo la mita 5 za mraba: urefu mita 2.5, upana mita 2. Vifaranga watakaozaliwa humo wapangiwe sehemu nyingine. Kuwarundika na wakubwa ni mwanzo wa kudonoana.

Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni likutane na zile fupi. Paa liwe la mteremko mmoja: mbele, upande wa kaskazini, mita 2.2, nyuma, upande wa kusini, mita 1.8. Upande wa nyuma unainama kwa sababu kusi unapoanza kuvuma mwezi Aprili hukuta masika bado inanyesha, na mvua hiyo huja ikiwa imelala. Mabati 5 ya mita 3 yanatosha, na yatoke nje karibu nusu mita mbele na nyuma. Chini ya bati tandaza makuti, acha upenyo wa kiganja kati yake na bati. Bati tupu linakuwa kikaango saa nane mchana. Ukuta wa magharibi ndio pekee tunaoshauri uzibwe kwa mabanzi karibu wote, ukiacha nafasi juu tu. Ukipata mpapai au muarobaini wa kuufunika kivuli, vizuri zaidi.

Msingi na ukuta wa chini: chimba sentimita 30, jenga kozi (mstari) moja ya tofali za inchi sita ardhini na kozi mbili tu juu yake. Nunua tofali 60 pamoja na za kuvunjika. Kozi mbili ni karibu nusu mita, zinazuia mvua inayoruka isiingie na matandazo ya sakafuni yasimwagike nje. Usiongeze ya tatu. Kuku anaishi chini, na upepo unaopita juu ya kichwa chake haumfai. Sakafu ijazwe kifusi kwanza, iwe juu ya uwanja kwa sentimita 15, hasa kwenye viwanja vya mabondeni ambako maji ya masika huingia hata ndani ya nyumba. Kisha zege la sentimita 5 lenye mteremko kuelekea mlangoni. Mifuko 3 ya saruji inatosha kujengea na sakafu.

Juu ya tofali ni wavu, na hapa ndipo fedha zinapopotea. Wavu wa kuku wa kawaida unamzuia kuku asitoke, lakini panya anapita, nyoka anapita, na kicheche anaukata. Weka wavu mgumu wenye matundu ya nusu inchi, angalau mita moja ya kwanza kutoka kwenye tofali. Sehemu ya juu inaweza kubaki na ule wa kawaida. Nguzo za mirunda zichovywe oili chafu sehemu inayoingia ardhini, kwa sababu ya mchwa. Mabanzi yote yabanduliwe magome kabla ya kupigiliwa. Nyuma ya magome ndiko utitiri unakojificha mchana, ukatoka usiku kunyonya damu. Kuku wakianza kukataa kulala kwenye fito zao na vilemba vikapauka, chunguza nyufa za mbao kwanza.

Fito za kulalia: kila kuku sentimita 20, hivyo mbili za mita 2. Tumia mbao ya mbili kwa mbili iliyolainishwa kingo, kimo cha sentimita 70, zote mbili usawa mmoja. Zikipishana kimo, watagombania ya juu kila jioni. Viota vinne vinatosha, kila kimoja sentimita 30 kwa 30 na kimo 35, viwekwe pembe yenye giza, sentimita 45 kutoka sakafuni. Kiota kikiwa juu kuliko fito, kuku watalala ndani yake na mayai yatatoka na kinyesi.

Sakafuni tandaza maranda, ambayo kwa mafundi seremala kama wa Keko hayakosekani, unene wa sentimita 5 hadi 8. Usichukue vumbi la msumeno. Pumba za mpunga pia zinafaa. Kila siku mbili fumbata konzi moja ya matandazo hayo: ikibaki donge, ni mbichi mno, igeuze au itoe, maana kwenye matandazo mabichi ndiko kuhara damu kunakoanzia. Halafu chuchumaa hadi kimo cha kuku uvute pumzi. Harufu usiyoisikia ukiwa umesimama, kuku anaivuta usiku kucha.

Maji yawe kwenye vyombo viwili vya lita 5, kimo cha mgongo wa kuku, mbali na fito. Siku za joto yabadilishwe saa sita mchana, kwani kuku hukwepa maji ya moto. Chakula kitiwe alfajiri na jioni, kihori kisijazwe zaidi ya theluthi. Kihori cha mita moja kinacholiwa pande zote mbili kinawatosha 20. Usiache makopo wala matairi yenye maji karibu: mbu wanaozaliana humo hueneza ndui. Mdondo (kideri) hauzuiwi na banda lolote. Chanjo yake iitwayo I-2, ya matone ya jicho, irudiwe kila miezi mitatu, kwa kushauriana na afisa mifugo wa kata.

Kabla ya kuingiza kuku, muulize mwenyekiti wa mtaa kuhusu sheria ndogo za manispaa yako, na uliache banda mbali na dirisha la jirani. Zege likishakauka vizuri, ingiza kuku jioni. Usiku huohuo mtu mmoja abaki ndani na tochi akiimulika kuta zote, mwingine azunguke nje. Kila penye mwanga chini ya wavu, panya ataingia. Zibeni kesho yake asubuhi.