Sailensa hailii "fyu"

Safari hii swali limetoka kwa mtu anayelipwa kupima kelele viwandani, ndiyo maana uvumilivu umeniishia: "Lakini bunduki yenye sailensa si inalia fyu tu, kama kwenye sinema?" Hapana. Hailii fyu. Rifle yenye sailensa nzuri (kile kifaa kinachofungwa mdomoni mwa mtutu kupunguza mlio) bado inaweza kukuachia masikio yanayovuma.

Tuanze na kinacholia. Wengi hudhani tunasikia baruti ikilipuka ndani ya bunduki. Baruti ile inaungua tu, ila kwa haraka mno, na moshi wake wote umefungiwa nyuma ya risasi. Kelele huzaliwa pale risasi inapouacha mdomo wa mtutu. Gesi ya moto iliyokuwa inaisukuma, ambayo kwenye rifle bado ina shinikizo la mamia ya mara kuliko hewa ya kawaida, inafunguliwa kwa mkupuo. Inatoka kwa kasi inayozidi ya sauti, hewa ya mbele haipati muda wa kupisha, na hapo ndipo wimbi la mshtuko linapojengeka. Ndiyo sababu mtutu mfupi una kelele zaidi kwa risasi ileile: gesi inaachiwa mapema, ingali na nguvu.

Sailensa inaipa gesi hiyo nafasi ya kutanuka, kuzungukazunguka na kupoa kabla ya kuonana na hewa ya nje, basi. Hiram Percy Maxim alipata hataza ya sailensa yake Marekani mwaka 1909 (baba yake ndiye aliyebuni bombomu la Maxim, mmoja alileta kelele, mwingine akahangaika kuipunguza), na ekzosi ya gari hufuata kanuni hiyohiyo. Vitabu huandika "kutanuka na kupoa" kana kwamba mchango wa kila kimoja unajulikana. Ukweli ni kwamba mgawanyo huo hubadilika kwa kila silaha na kila risasi, na hata kwa silaha ileile, mlio wa risasi ya kwanza mara nyingi huwa mkubwa kuliko wa pili, kwa kuwa oksijeni iliyokuwa imekaa ndani ya sailensa imeunguza mabaki ya gesi.

Sasa risasi yenyewe. Kwenye nyuzi joto 20 sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Risasi ya rifle kwa kawaida huipita mbali, hivyo inaburuta wimbi lake la mshtuko njia nzima, na aliye kando ya njia husikia mpasuko mkali. Sailensa imebaki kwenye mtutu. Itaufanya nini mpasuko unaozaliwa mita 100 mbele? Dawa yake ni risasi ya mwendo mdogo kuliko wa sauti, na hata hapo vyuma vya silaha vinagongana vikijipakia.

Linalonikera kuliko yote ni desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti. Mtu anasoma kwamba mlio umeshuka kutoka 165 hadi 135, anapiga hesabu: "Imepungua chini ya asilimia 20, hakuna kitu." Ndugu yangu, desibeli hazigawanywi kama mkate! Kushuka desibeli 30 ni kupunguza nishati ya sauti mara 1,000. Mwingine anakimbilia upande wa pili: mara 1,000, basi ni kimya. Si kimya. Ulianzia juu mno, na 140 ndicho kilele ambacho kanuni nyingi za kazini hukataza sikio tupu lisikifikie.

Halafu anakuja wa tatu na simu yake. Ameweka programu ya kupima kelele, imemwonyesha 110, anataka tubishane. Mlio wa bunduki hupanda hadi kileleni kwa sehemu ndogo sana ya milisekunde. Maikrofoni ya simu inagota kwenye kikomo chake zamani, na programu inakupa wastani wa kilichosalia. Hata kwa vifaa vya maana, sogeza maikrofoni kutoka ubavuni mwa mtutu hadi kwenye sikio la mpigaji, namba inabadilika. Na kilele hakisemi yote: milio miwili yenye kilele kimoja, mmoja mfupi na mwingine wa kuburuta, sikio haliipokei sawa, na sisi wapimaji bado tunagombana ni kipimo gani kinachotabiri vizuri madhara.

Kwa hiyo mimi nikiwa uwanja wa shabaha, silaha ina sailensa au haina, vizibo vinakaa masikioni.