Picha ya nyonga ya majeruhi: kwa nini naanza kutazama nyuma

Miaka ya mwanzo ya kazi yangu ya kusoma picha, nililetewa eksirei ya dereva wa bodaboda aliyegongwa usiku. Wauguzi wa dharura walikuwa wamekwisha kumfunga shuka lililokunjwa upana wa kiganja, likakazwa barabara kuzunguka nyonga. Kwenye picha, mifupa miwili ya kinena ilikutana vizuri mbele, ikiachana kwa milimita 4 tu, nami nikaandika kwamba sioni mvunjiko. Haikupita nusu saa, daktari wa mifupa akanipigia simu: "Daktari, mapigo yake bado yanapanda. Hebu itazame tena pingili ya tano ya kiuno, upande wa kulia." Nikaikuza picha. Palikuwa na kipande kidogo kama punje ya mchele, kimebanduka kwenye ncha ya pingili.

Kipande kile kina maana kubwa kuliko ukubwa wake. Kutoka kwenye ncha hiyo ya pingili ya tano hushuka ligamenti imara inayoifunga pingili na ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga. Kwa hiyo ncha ikibanduka baada ya ajali kubwa, mara nyingi nusu ya nyonga imesogezwa kwa nguvu na ligamenti imeondoka na mfupa. Tangu siku ile, sisomi picha ya nyonga kabla ya kuzitazama pingili za mwisho za kiuno.

Nyonga ni pete. Mifupa miwili mipana imekutana mbele kwenye kinena, na nyuma imeshikamana na sakramu, mfupa wa pembetatu ulio chini ya pingili za kiuno, kwa viungo viwili vinavyolindwa na ligamenti nene kuliko karibu zote mwilini. Aliyewahi kuvunja bangili ya kioo anajua kwamba haiachi ufa mmoja. Ndivyo ilivyo kwa nyonga ya mtu mzima: ukiuona mvunjiko mbele, shughuli yako haijaisha, bali ndiyo kwanza umepewa sababu ya kuutafuta mwenzake. Na huyo mwenzake hukaa nyuma, mahali ambapo eksirei ni dhaifu, kwa kuwa sakramu imepinda na mbele yake upo utumbo wenye gesi na choo. Njia yangu ni kufuata matao madogo yaliyo juu ya matundu ya sakramu, moja baada ya jingine, nikilinganisha kulia na kushoto. Tao lililokatika au lililopinda ghafla ni mvunjiko hadi ithibitishwe vinginevyo.

Mbele napima. Kwa mtu mzima, nafasi kati ya mifupa ya kinena kwa kawaida haizidi milimita 5, ingawa kwa mtoto na kwa mjamzito inaweza kuwa pana zaidi bila ubaya wowote. Ikifika milimita 25 na kuendelea, nachukulia kwamba ligamenti za mbele za viungo vya nyuma zimekatika, pete imefunguka kama kitabu, na damu inapata nafasi ya kujikusanya. Sehemu kubwa ya damu hiyo hutoka kwenye vena na kwenye mfupa wenyewe, si kwenye ateri, na ndiyo maana kuifunga pete kwa mkanda, usawa wa mifupa inayojitokeza pembeni juu ya mapaja wala si kiunoni, huokoa maisha kabla picha yoyote haijapigwa.

Hapa ndipo altrasaundi inapowapotosha wengi. Kipimo hicho cha haraka kando ya kitanda hutafuta damu iliyo ndani ya uwazi wa tumbo, lakini damu ya nyonga hujificha nyuma ya utando wa tumbo, ambako zinaweza kukusanyika lita kadhaa ilhali mtu mzima ana lita 5 hivi tu. Altrasaundi isiyoonyesha kitu haimaanishi kwamba majeruhi havuji damu.

Jibu kamili hutolewa na CT skani, mashine inayopiga picha za mwili vipande kwa vipande, ikitumiwa na dawa ya kuonyesha mishipa. Natazama picha za awamu mbili, yaani zilizopigwa nyakati mbili tofauti baada ya dawa kuingia mwilini: doa jeupe lililo nje ya mshipa katika awamu ya kwanza, likawa kubwa zaidi katika ya pili, ni ateri inayovuja sasa hivi, na mtu wa kuambiwa anaambiwa kwa simu, si kwa ripoti ya kesho. Hata hivyo, majeruhi ambaye shinikizo lake la damu linaporomoka licha ya kuongezewa damu hapelekwi kwenye mashine. Mahali pake ni chumba cha upasuaji.

Hospitali nyingi za wilaya hazina mashine hiyo, na hazipaswi kukata tamaa. Ukiinamisha mrija wa eksirei nyuzi kama 45 kuelekea miguuni, utaona kama pete imesogea mbele au nyuma; ukiuelekeza kichwani kwa kiasi hichohicho, utaona kama nusu moja imepanda juu, jambo la kawaida kwa mtu aliyeanguka kutoka mnazini akatua kwa mguu mmoja. Kinachogeuzwa ni mrija, majeruhi halazwi ubavu. Na kama kuna damu kwenye tundu la mkojo la mwanamume, ombeni picha ya njia ya mkojo yenye dawa kabla ya kulazimisha mpira wa kutolea mkojo.

Siku hizi mstari wa kwanza wa ripoti yangu husema kama picha ilipigwa mkanda ukiwa umefungwa au la, kwa sababu mkanda uliofungwa vizuri huirudisha pete mahali pake na kuificha hatari kwa msomaji. Hali ya majeruhi ikitulia, naomba picha ya pili mkanda ukiwa umelegezwa mbele ya daktari wa upasuaji. Ya dereva yule ilipigwa mezani, chumba cha upasuaji, shuka likiwa limefunguliwa: milimita zile 4 zilikuwa zimekuwa 38.