Una homa ya ini na damu imepungua? Usikimbilie vidonge vya kuongeza damu

"Dokta, si ini ndilo linalotengeneza damu?" Swali hili silimalizi kliniki. Ini liliifanya kazi hiyo ulipokuwa tumboni mwa mama yako. Ulipozaliwa, kazi ilihamia kwenye uboho wa mifupa, na homoni inayouhimiza hutoka zaidi kwenye figo. Mwenye homa ya ini B au C ambaye ini lake bado halijajaa makovu, kwa kawaida wingi wake wa damu huwa mzuri tu. Ukishuka, natafuta kwanza minyoo, malaria au hedhi nzito.

Makovu yakishajaa ndipo shida huanza, na hapo ndipo ninapogombana na watu wangu kuhusu vidonge vya madini ya chuma. Makovu hubana njia ya damu itokayo kwenye utumbo na bandama kwenda kwenye ini, presha inapanda humo ndani. Bandama huvimba, ikanasa chembe nyekundu na kuziharibu kabla hazijatimiza siku zake 120. Ndiyo maana majibu ya maabara huonyesha chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, nazo ziko chini. Tena mishipa ya koo la chakula hutanuka na kuvuja. Sasa wewe unameza chuma kwa kubahatisha, choo kinakuwa cheusi, na siku unayovuja damu kweli unasema "ni vile vidonge". Nimepokea watu wanatapika damu, kumbe choo kilibadilika siku kadhaa nyuma na hakuna aliyeshtuka. Choo cha vidonge ni cheusi lakini kina umbo lake. Cha damu ni laini, kinanata kama lami, na kinanuka vibaya mno. Tazama kabla ya kumwaga maji, kila siku, ukikiona hicho nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kuna jambo jingine. Ini hutengeneza hepsidini, inayozuia utumbo usifyonze chuma kupita kiasi. Virusi vya C huipunguza, kwa hiyo mtu anaweza kuwa na damu kidogo huku chuma kikilundikana kwenye ini na kuzidi kuliumiza. Kipimo cha ferritini, protini inayohifadhi chuma mwilini, peke yake kisikudanganye, maana ini likiwa na uvimbe nayo hupanda. Omba na kipimo cha kiasi cha chuma kilichobebwa na transferini, protini inayosafirisha chuma kwenye damu. Anayevuja damu namwandikia chuma mwenyewe, ila baada ya vipimo.

Eti dawa za homa ya ini hukausha damu? Ribavirini ndiyo iliyokuwa na tabia ya kuvunja chembe nyekundu. Wengi wenye C sasa humeza sofosbuviri na daklatasviri kwa wiki 12 bila hiyo ribavirini. Tenofoviri ya B haipunguzi damu, usiiache.

Macho ya njano ni bilirubini, rangi inayotokana na chembe nyekundu zilizovunjika. Hayapimi wingi wa damu.

"Niongezewe chupa mpaka damu ijae." Hapana. Kwa anayevuja kwenye mishipa ya koo, tukijaza kupita kiasi presha hupanda na mishipa hupasuka tena. Mara nyingi tunalenga himoglobini (kipimo cha wingi wa damu) ya gramu 7 hadi 8 kwa desilita tu.

Na wewe uliyekulia kando ya Ziwa Victoria, mwambie daktari wako. Kichocho cha tumbo nacho huvimbisha bandama na kutapisha damu vilevile, na mtu anaweza kuwa nacho pamoja na virusi vya B. Dawa yake ni prazikwanteli.