Kabla neno "madoadoa" halijatamkwa

Saa moja asubuhi, kando ya barabara ya Tom Mboya, mchuuzi ameshatandaza nailoni chini na kupanga magazeti yake, vijiwe vikiyazuia yasipeperuke. Watu wamemzunguka wakisoma bure. Hawafukuzi, maana anajua mmoja wao atanunua. Waliobaki husoma vichwa vya habari, hutikisa kichwa, kisha hukimbilia matatu na ubishi huendelea hadi Githurai. Mimi huwafundisha wanahabari hapa jijini, na nipitapo hapo hukumbuka jambo ambalo darasani tunalisahau: kwa Wakenya wengi ile mistari miwili mitatu mikubwa ndiyo habari nzima.

Tukitaja vyombo vya habari na chuki, mawazo hukimbilia Rwanda, kwenye redio ya RTLM iliyoanza kutangaza mwaka 1993 na kuwaita Watutsi inyenzi, yaani mende. Mfano huo ni wa kweli, lakini unatupumzisha mno. Mhariri wa Nairobi akijitazama anaona hajamwita mtu mende, basi analala usingizi wake. Mimi ninayemhofia ni yule asiyetukana mtu.

Chukua Kibera, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, mwishoni mwa 2001. Rais Daniel arap Moi alifika huko akasema kodi za nyumba ziko juu, zipunguzwe. Raila Odinga, mbunge wa eneo hilo na waziri wakati huo, akaunga mkono. Wapangaji wakagoma kulipa kiwango cha zamani, wenye nyumba wakakataa kuteremsha, na kufikia Desemba damu ikawa imemwagika. Wengi wa wenye nyumba waliohusika walikuwa Wanubi, wengi wa wapangaji Waluo. Habari zikauita mzozo wa Wanubi na Waluo, na baadhi zikaongeza dini juu yake.

Hapakuwa na uongo hapo. Ila tazama vilivyodondoka njiani. Ardhi ya Kibera ilikuwa ya serikali, kwa hiyo mwenye nyumba alipangisha bila hati, na mpangaji aliishi bila mkataba wa maana. Wanubi, wazao wa askari waliotolewa Sudan na Waingereza, walikuwa wameidai ardhi ile vizazi na vizazi. Hati ya ekari 288 waliipokea Juni 2017. Kulikuwa na wenye nyumba wasio Wanubi, wakiwemo wasiokanyaga matope ya Kibera hata siku ya kukusanya kodi. Kulikuwa na wapangaji wa kila jamii. Hayo yote hayaingii katika "Wanubi na Waluo". Kinachoingia ni mtu wa Kawangware, asiye na nyumba wala mpangaji huko, ambaye sasa anaambiwa yumo kwenye ugomvi kwa sababu ya jina la babake.

Mtafiti Shanto Iyengar wa Marekani alilipima jambo linalokaribiana na hili na kuchapisha matokeo yake mwaka 1991. Watazamaji walioonyeshwa umaskini kupitia visa vya mtu mmoja mmoja walielekea kumlaumu maskini mwenyewe. Walioonyeshwa hali pana inayouzaa walielekea kuilaumu serikali na mfumo. Kwetu kuna hatua moja zaidi. Lawama haitulii kwa yule mmoja, hupanda hadi kwa kabila lake.

Lugha nayo ina mchango wake, na Kiswahili kina hila yake ya pekee: ngeli. Mtu amekuja, watu wamekuja. Sema "jitu limekuja" au "vijitu vimejaa hapa" na tayari umemtoa mwenzako kwenye ngeli ya wenye uhai, bila kutumia hata tusi moja. Neno "madoadoa", lililotumiwa kuwaita watu wa jamii nyingine wanaoishi mahali, lililosikika katika machafuko ya uchaguzi wa 2007 na ambalo Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililiorodhesha mwaka 2022 miongoni mwa maneno ya kuepukwa, linafanya kazi hiyo hiyo. Doa haliuawi. Doa husafishwa, na anayesafisha hujiona mtu nadhifu.

Lakini "madoadoa" huja mwisho. Kabla yake tunakuwa tumeshatumia "ngome" kwa miaka. Mgombea amezuru ngome ya mpinzani, ngome imetikisika, ngome imevamiwa. Ngome ina kuta na walinzi. Je, aliyezaliwa ndani yake na kumpigia kura wa nje tumwite nani, msaliti? Kisha kuna "wenyeji" na "wageni", ambapo mgeni anaweza kuwa mama aliyezaa watoto wanne pale pale. Sheria haigusi maneno hayo, wala sitaki iyaguse. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 hulenga maneno ya vitisho na matusi yenye nia ya kuchochea chuki za kikabila, na adhabu yake hufika shilingi milioni moja au kifungo cha miaka mitatu. "Ngome" ni kazi ya mhariri.

Redio ni habari nyingine. Katika machafuko yale ya uchaguzi wa 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na Tume ya Jaji Philip Waki iliyoyachunguza, katika ripoti yake ya Oktoba 2008, iliangalia pia baadhi ya vituo vya lugha za mama. Aghalabu shida ilikuwa kipindi cha wasikilizaji kupiga simu. Mtangazaji kijana, hana mtambo wa kuchelewesha sauti japo kwa sekunde chache, anampokea mtu mwenye hasira, na alilosema limeshatoka. Wakati huo huo Pamoja FM, redio ndogo ya Kibera, ilitumia masafa yake kuwasihi vijana watulie. Hivyo sikubaliani na wanaosema redio za mashinani ndizo ugonjwa.

Tarehe 3 Januari 2008 magazeti makubwa yalitoka na kichwa kimoja cha kuiombea nchi iokolewe. Lilikuwa jambo la heshima. Hofu ile ile, hata hivyo, ilitufuata hadi 2013, vyombo vikalaumiwa kwa kuhubiri amani huku vikiyakwepa maswali magumu ya uchaguzi. Msomaji asiyeona malalamiko yake gazetini huenda kuyatafuta kwenye kundi la WhatsApp la watu wa kwao, ambako hakuna mhariri.

Katika mafunzo yetu kuna zoezi nililolipenda. Nachukua habari iliyochapishwa kuhusu ugomvi wa wapangaji na mwenye ploti katika mtaa mmoja wa mashariki mwa jiji, naiandika ubaoni, kisha nawaomba washiriki wafute kila jina la jamii na waandike mahali pake kile ambacho kila mhusika alikuwa anakitaka. Mara ya mwisho ubao ulibaki na sentensi mbili. Mhariri mmoja wa usiku, mtu mzima mwenye miwani iliyoshikiliwa na gundi, akauliza kodi yenyewe ilikuwa shilingi ngapi. Tukatazamana. Habari ilikuwa na aya kumi na moja, na kodi haikutajwa hata mara moja. Akatoa simu mfukoni, akatoka nje kumpigia ripota wake.