Mvua ya bati si efekti

Siku hizi sauti yoyote ya ziada kwenye wimbo inaitwa efekti. Msanii anaingia studio pale Mwanjelwa, Mbeya, anamwambia prodyuza, "Kaka, niwekee efekti ya mvua hapo mwanzo," na prodyuza anapakua mvua mtandaoni, anaibandika. Wote wanaridhika. Mimi hapo ndipo ninaposhindwa kunyamaza, kwa sababu mvua ile ni sauti ya mazingira, si efekti.

Maana yenyewe ni fupi. Sauti za mazingira ni sauti za maisha ya kawaida zilizorekodiwa, kama soko, mlango, garimoshi au honi ya bajaji, zikatiwa ndani ya muziki ili msikilizaji ajikute mahali fulani. Efekti ni kazi inayofanyiwa sauti ambayo tayari ipo: rivabu (sauti kuvuma kama iko ndani ya ukumbi), mwangwi, otochuni (kunyoosha sauti ya mwimbaji iliyotoka nje ya noti).

Anayenionyesha tofauti hii vizuri kuliko wote ni marehemu Halim El-Dabh, mtunzi wa muziki wa Misri. Mwaka 1944, jijini Cairo, alichukua kinasa sauti cha waya, kinachohifadhi sauti kwenye waya wa chuma, akarekodi wanawake wakiimba katika zaar, ngoma ya kupunga pepo. Baadaye, studio, akaichezea ile rekodi kwa mwangwi. Ngoma ile ni sauti ya mazingira; mwangwi ndio efekti. Vitu viwili, hatua mbili, kazi moja. Miaka minne baadaye, 1948, Mfaransa Pierre Schaeffer alirekodi magarimoshi katika stesheni ya Batignolles, Paris, akatunga nayo muziki. Yeye ndiye anayetajwa sana, lakini Mwafrika alikwishatangulia, na vijana wetu wanaodhani mambo haya yametoka Ulaya wanastahili kulijua hilo.

Kwa nini nang'ang'ania? Kwa sababu efekti haina kwao, mvua inako kwao. Rivabu ya Mbeya na ya London ni ileile. Mvua ya Tukuyu, huko kwa Wanyakyusa, inapiga bati. Inaanza kwa matone mazito yaliyoachana, kisha inafunga hadi watu ndani ya nyumba wanalazimika kupaza sauti, na ikipungua unasikia michirizi ikidondokea ndoo iliyotegwa chini ya paa. Ile ya kupakua mara nyingi imenyeshea majani au lami ya nchi nyingine. Mnyakyusa akiisikia chini ya wimbo unaotaja kwao, anajua kuna kitu hakijakaa sawa, hata asipoweza kukitaja.

Kuirekodi si kazi kubwa, simu inatosha. Kaa ndani, mbali kidogo na dirisha, maana upepo ukipiga maiki unaharibu kila kitu. Ukiwa studio, punguza ngurumo za chini zisigombane na besi, na usiipandishe hadi ishindane na mwimbaji.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukitaka mvua mwambie prodyuza unataka sauti ya mvua, na mpelekee ya kwenu. Neno efekti litumie utakapofika kwenye rivabu.