Hosteli Haina Kengele: Tunayodanganyana Kuhusu Kuishi na Rumeti Chuoni

Kila vyuo vinapokaribia kufunguliwa, wadogo zangu hunipigia simu kuuliza wabebe nini: godoro la inchi ngapi, ndoo ngapi, pasi inaruhusiwa au hairuhusiwi. Hakuna anayeuliza ataishije na watu asiowajua ndani ya chumba chenye dabodeka mbili, meza mbili na dirisha moja. Nilikaa hosteli miaka mitatu na nikapita mikononi mwa rumeti saba. Mengi niliyoambiwa siku ya usajili niliyakuta si kweli, na mengine yaliwaumiza watu niliokuwa nawapenda.

“Nimekaa bweni miaka sita, na JKT nimepita”

Uongo huu nilikuja nao mwenyewe. Aliyelala bweni tangu kidato cha kwanza hadi cha sita, kisha akaenda kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) ya Mafinga au Ruvu kwa mujibu wa sheria, akionyeshwa chumba cha watu wanne anaona amefika peponi. Kwa hesabu ya vichwa ni kweli. Lakini bweni lilikuwa na kengele: ya kuamka, ya prepo, ya kuzima taa. Kulikuwa na matroni na kiranja wa bweni. Mwenzako akikukera unaripoti, na kanuni iliyotungwa na mtu mwingine inawaamulia. JKT ndiyo kabisa, ni filimbi na afande.

Hosteli hakuna anayekuja kuzima taa saa nne usiku. Mlezi wa hosteli anashughulika na kitasa kilichovunjika na bomba linalovuja. Rumeti anayeongea na simu mpaka saa saba ni wenu ninyi. Ndiyo maana nimewaona waliolelewa na kengele wakipata tabu kuliko waliokua wakilala chumba kimoja na wadogo zao watatu. Hawa wa pili wameshazoea kusema “zima taa, kesho naamka mapema”, kujibiwa “subiri nimalize ukurasa huu”, na kulala bila kinyongo. Sisi wa bweni tulijua kutii na kununa. Kuongea tulijifunzia hosteli, tena kwa kuchelewa.

“Kaa na rafiki yako, mtaelewana”

Mwaka wa kwanza nilikaa na rafiki yangu wa kidato cha sita. Wiki ya tatu hatukuwa tunasalimiana. Chanzo kilikuwa simu yake: alikuwa anatega kengele tano kuanzia saa kumi na moja alfajiri, zinalia zote, yeye kalala, naamka mimi. Sikumwambia, kwa sababu ni rafiki yangu, nikiamini rafiki hujua bila kuambiwa. Mwaka uliofuata nilipangwa na dada wa Kigoma nisiyemjua kabisa, yeye Mwislamu, mimi Mkristo. Watu wakanionea huruma. Usiku wa kwanza yeye ndiye aliyeanza: “Ramadhani nitakuwa naamka saa kumi kula daku. Usingizi wako ni mwepesi?” Tukakubaliana simu iwe ya kutetemeka chini ya mto, na taa iwe ile ndogo ya mezani. Mwezi mzima niliamka mara mbili, na mojawapo ni yeye aliyeniamsha tule wote mihogo ya nazi.

Tabia za kulala, za kusoma na za wageni ndizo zinazoamua. Urafiki na dini huja mbali nyuma yake.

“Kunguni ni wa mtu mchafu”

Dhana hii imevunja vyumba vingi kuliko nyingine zote ninazozijua. Msichana wa chumba cha jirani alikutwa na kunguni kwenye godoro, na ndani ya siku mbili korido nzima ilikuwa inalitaja jina lake. Akawa anafua shuka usiku watu wakishalala, asionekane. Alikuwa msafi kutushinda sote.

Kunguni hafuati uchafu. Chakula chake ni damu tu, na damu ya msafi na ya mchafu kwake ni moja. Ni msafiri: anakuja kwenye mshono wa begi, kwenye godoro ulilouziwa na mwanafunzi anayemaliza, kwenye nguo iliyolazwa mahali alipo. Mkubwa ana urefu wa milimita 5 hivi na ni bapa, kwa hiyo anaenea kwenye tundu la skrubu, kwenye pindo la godoro, chini ya chaga, hata nyuma ya soketi. Anaweza kukaa miezi bila kula, ndiyo sababu chumba kilichofungwa likizo nzima hufunguliwa bado wamo. Wala haijathibitika kwamba anaambukiza watu ugonjwa. Anachoharibu ni usingizi wako, na ngozi yako ikiwa unajikuna, na heshima yako wenzako wakiwa hawajui haya.

Sasa angalia aibu inavyowasaidia kunguni. Anayeogopa kusemwa hununua dawa ya dukani akapulizia kitanda chake peke yake, kwa siri. Baadhi ya kunguni wanakimbilia kitanda cha jirani. Wengine hawafi kabisa, maana dawa nyingi za kupulizia ni za jamii ya pareto ya viwandani, na kunguni wa sehemu nyingi duniani wameshazizoea. Kuanika godoro juani kunapunguza tu. Joto la kuwaua linaanzia kama nyuzi 50, na katikati ya sponji halifiki huko. Kinachofanya kazi ni siku moja ya chumba kizima: magodoro yote nje, nguo na shuka zote kwenye maji ya moto, maji yanayochemka kwenye viungo vya vitanda vya chuma, kisha mpulizaji anayeijua kazi yake. Na kurudia baada ya wiki mbili hivi, kwa kuwa mayai yaliyopona yatakuwa yameanguliwa.

Chumba chetu kilipovamiwa tuliamua kusema. Tukagonga vyumba viwili vya pembeni kuwaomba tuchange tupulizie pamoja Jumamosi. Vyote viwili walikuwa nao tangu mwezi uliopita, na kila chumba kilidhani ni chenyewe tu. Yule msichana wa kufua usiku alikuwa wa kwanza kutoa mchango.

“Kujipikia chumbani kila mtu na jiko lake ni kubana matumizi”

Kubana, sawa. Lakini piga hesabu ya umeme kabla ya kupiga ya chakula. Jiko la koili moja linaweza kula wati 1,500, birika la umeme wati 2,000. Vikichomekwa pamoja kwenye ekstensheni moja ni wati 3,500, yaani kwa umeme wetu wa volti 230 ni zaidi ya ampea 15, na soketi ya ukutani ni ya ampea 13. Waya mwembamba wa ekstensheni ya bei rahisi unachemka ukiwa umefunikwa na kanga chini ya kitanda, na hapo sufuria halina kosa. Hosteli nyingi zimekataza kupika vyumbani, na sababu ni hii. Changeni mle kwa mama ntilie.

“Kubebana hakumhusu mwingine, kitanda ni changu”

Hili nalisema kwa uangalifu, maana nimebeba na nimeona waliobebwa. Kubebana ni kumlaza mwenzako asiye na chumba kwenye kitanda chako, mzungu wa nne, kichwa chake kwenye miguu yako, muhula mzima. Chanzo chake ni vitanda kuwa vichache. Mwaka 2017 zilipofunguliwa hosteli za Magufuli katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, majengo 20 yenye nafasi za wanafunzi 3,840, nilidhani neno lenyewe litasahaulika. Bado tunalo. Vyuo vinadahili wengi kuliko vitanda, na geto, yaani chumba cha kupanga mtaani, huko Msewe au Changanyikeni karibu na chuo hicho, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mwenye mkopo anapata ya chakula na malazi shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/2023, ilikuwa 8,500. Lakini inakuja kwa awamu, na asiye na mkopo hana hata hiyo. Anayebebwa kwa kawaida ni mtoto wa maskini. Simlaumu, na anayembeba simlaumu.

Ninachokikataa ni ile “hakumhusu mwingine”. Chumba cha wanne kikilala saba, ndoo ni saba kwenye foleni ile ile ya maji, na choo ni kile kile. Waulize rumeti wako kabla, si baada ya begi kuingia. Na kuna jambo zito kuliko maji. Katika hosteli yetu msichana aliyebebwa alizidiwa na homa saa nane usiku, hawezi kusema. Orodha ya mlezi haikuwa na jina lake. Aliyembeba alikuwa amesafiri kwenda msibani. Simu ya mgonjwa ilikuwa na nywila, na waliobaki chumbani walimjua kwa jina la utani tu. Alifika hospitali akapona, lakini mama yake alipata habari kesho yake mchana.

Tulipomchukua wa kwetu, tulikaa wote watano juu ya vitanda tukapanga: nani anachota maji siku gani, wageni mwisho saa ngapi, taa kubwa inazimwa saa ngapi. Halafu tukabandika nyuma ya mlango karatasi yenye majina kamili matano, na mbele ya kila jina namba ya simu ya nyumbani kwao.